Yachukuliwe Kama Yamesomwa

Chuo nilichosomea Lodwar kilipungukiwa na karibu kila kitu isipokuwa matangazo. Maktaba ilifungwa kila mtunza maktaba aliposafiri, maana aliondoka na ufunguo. Maji yalikuja yalipotaka. Lakini ubao wa matangazo pale nje ya ofisi ya mlezi wa wanafunzi haukuwahi kukaa mtupu. Mdahalo baina ya mwaka wa kwanza na mwaka wa pili. Upandaji miti. Ziara ya kimasomo ya Eliye Springs, ambayo miaka yote niliyokaa pale sikukutana na mtu aliyewahi kuiona. Siku ya Utamaduni na Taaluma. Kila tangazo lilimalizika kwa maneno "nyote mnakaribishwa", na haukupita muda likabandikwa jingine juu yake kusema kwamba shughuli imesogezwa mbele. Wenzangu walilicheka jambo hilo. Mimi lilinichoma, kwa sababu shughuli ikisogezwa huwa nina shida ambayo wao hawana.

Mimi ni mkimbizi. Niliingia Kakuma nikiwa mgongoni, kutoka Kongo, na utoto wangu wote nimeumaliza kambini. Mkimbizi hatoki Kakuma vivi hivi. Anaomba kibali, anaeleza anakwenda wapi na kufanya nini, na siku ya kurudi iliyoandikwa pale ndiyo siku ya kurudi. Changu niliombewa na chuo, nikawa nakifanya upya kila muhula. Baba yangu hakuwa na sababu ya kuomba. Tangu tulipoingia kambini hakuwa ametoka hata mara moja, hata kufika Lodwar tu, ambako gari likiwa zima unaondoka baada ya chai na unafika kabla ya chakula cha mchana.

Tulikuwa wawili. Mama alifia kambini nikiwa shule ya msingi, na baba akanilea hivyo hivyo, chaki mfukoni na sufuria mkononi. Kwao alikuwa mwalimu. Kambini pia alikuwa mwalimu, ingawa kule walimwita msaidizi kwa kuwa vyeti vyake vilibaki kwenye nyumba iliyoungua. Hilo jina la msaidizi silipendi hadi leo. Alifundisha darasa zima peke yake na sikumwona msaidiwa.

Darasa lenyewe lilikuwa la mabati na matope, watoto wamejaa hadi mlangoni, na vitabu vichache mno. Kitabu kiliwekwa chini katikati, watoto wakakizunguka kama watu wanaoota moto, wakasoma kwa sauti pamoja. Mwaka mzima ulipita hivyo. Kisha siku moja baba akampa msichana mmoja kitabu akisome peke yake mbele ya wenzake. Yule msichana akakigeuza juu chini, akaanza kusoma pasipo kusita. Baba akamgeuzia sawa. Akanyamaza, hajui hata herufi moja. Akakipindua tena, akaendelea kama maji. Mtoto wa watu alikuwa akikaa upande wa pili wa kitabu, kila siku mahali pale pale, na hivyo ndivyo alivyojua kuwa maandishi hukaa. Na hakuwa peke yake.

Baba aliniambia alicheka hadi akakaa chini, halafu kicheko kikamkauka. Kuanzia siku hiyo akaanza kuwazungusha. Kabla ya kusoma, kila mtoto alihama na kukaa mahali pa jirani yake, ili kila mmoja apate zamu ya kukiona kitabu kikiwa sawa. Ilikula muda na ilitimua vumbi, lakini walijifunza.

Nilipokuwa mwaka wa pili tuliagizwa kufanya utafiti mdogo. Wenzangu waliandika juu ya utalii na mafuta ya Lokichar. Mimi nikaandika juu ya wale watoto wanaosoma juu chini, na juu ya yule mwalimu anayewazungusha. Mhadhiri wetu alikuwa mama mmoja wa Lorugum, mkali, asiyesifu mtu bure. Alinirudishia karatasi zangu akasema, "Hii isiishie kwa faili yangu. Utaisoma mbele ya watu." Ndivyo nilivyoingizwa miongoni mwa wanafunzi wachache wa kusoma tafiti zao kwenye Siku ya Utamaduni na Taaluma, na tangazo likasema wazazi wanakaribishwa.

Nikampigia baba. Nikamweleza habari yote.

"Utasema na mikro?" akaniuliza.

"Na maikrofoni, ndiyo, Baba."

"Mbele ya bantu bakubwa?"

"Mbele ya mkuu wa chuo na mgeni wa heshima na watu wote. Na nitakutaja."

"Basi minakuya," akasema. "Nitaomba ile kibali. Minakuya."

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema moja kwa moja kwamba anakuja. Baba yangu ni mtu wa "tutaona". Ukimwambia mgao wa chakula utaongezwa, tutaona. Ukimwambia kuna ndugu wamepelekwa Amerika na jina letu huenda likafuata, tutaona. Lakini hili hakulisubiri. Alikwenda ofisini, akapanga foleni, akarudi akapanga tena, hadi akapewa kibali chake cha mwisho wa wiki ile, aondoke Alhamisi na Jumamosi awe amerudi kambini. Shemasi wa kanisa letu alimwazima koti. Kambi nzima ya upande wetu ilijua kwamba Mwalimu anakwenda Lodwar kumsikiliza binti yake.

Huku chuoni nako mlezi wa wanafunzi aliniita. Nilidhani ananiitia habari ya utafiti.

"Tumekuweka kwa ngoma," akasema. "Nyinyi watu wa Kongo hiyo kitu mnazaliwa nayo."

Nilimwambia sijui kucheza. Akacheka, akaona nafanya unyenyekevu. Rafiki yangu wa chumbani, Mturkana wa Lokichar, ndiye aliyejua ukweli, maana alikuwa amewahi kuniona kwenye sherehe ya kukaribisha mwaka wa kwanza. "Kiuno chako ni cha mwalimu wa hesabu," alinitania. "Wakikuweka mbele, Kongo itatuletea kesi." Lakini jina langu likabaki kwenye ngoma, na likaandikwa kwa kalamu nzito kuliko lilivyoandikwa kwenye utafiti.

Baba alifika Alhamisi mchana. Nilimpokea kituoni. Koti la shemasi lilimzidi mabega, na jua la Lodwar lilikuwa lile lisilomwonea mtu huruma, lakini hakulivua. Alitazama maduka, pikipiki, watu wanaovuka barabara bila kuulizwa lolote, akawa anatembea polepole mno. Nilifikiri amechoka. Baadaye nilielewa kuwa hakutaka safari iishe. Alilala kwa muumini mmoja wa kanisa letu aliyekuwa akifanya kazi mjini.

Ijumaa asubuhi alikuwa pale kabla ya wengi wetu. Askari wa langoni alimsalimu "ejok", naye akajibu "ejok-noi" kwa madaha, kwa kuwa Kiturkana chake chote kilikuwa hicho na alipata nafasi ya kukitumia. Mahema yalikuwa yamesimamishwa uwanjani, viti vya plastiki vimepangwa, na mbele kabisa palikuwa na viti vyenye vitambaa vya mgeni wa heshima na msafara wake. Nikamketisha baba mstari wa wazazi.

Sasa lazima nieleze kitu ambacho kila mtu wa huku anakijua na hakuna anayekikataa. Shughuli haianzi kabla ya mgeni wa heshima. Hata watu wawe wamejaa, mitambo iwe inaunguruma, maombi yawe ni ya dakika mbili, hakuna kinachoanza, kwa sababu mgeni ndiye anayefungua, na kabla ya kufunguliwa kila kitu ni kama hakipo. Watu mnaketi na kumtazama mfawidhi wa sherehe, naye anawaambieni mgeni yuko njiani.

Siku ile mgeni alikuwa njiani hadi alasiri. Mara alikuwa Lokichar kwenye mkutano. Mara mkutano umemalizika. Mara gari lake limepita daraja. Katika kungoja, yule kijana wa mitambo alitaka kupima sauti, na kwa kuwa nilikuwa nimesimama karibu akanipa maikrofoni. "Sema kitu," akasema. Nikasema moja, mbili, tatu, mnanisikia? Sauti yangu ikaenda hadi kwenye miti ya mikoma nyuma ya mabweni. Watu hawakugeuka hata kidogo. Baba peke yake ndiye aliyesimama katika ule mstari wa wazazi, koti likimning'inia, akapiga makofi. Niliona haya, nikarudisha maikrofoni haraka.

Jua lilipoanza kushuka mfawidhi alitangaza kwamba kwa sababu zisizozuilika shughuli itafanyika kesho, saa zile zile, na nyote mnakaribishwa. Nilimwendea baba nikiwa na uso wa msiba.

"Si kitu," akaniambia. "Kibali iko na kesho."

Jumamosi aliketi kiti kile kile. Saa nne, saa tano, saa sita. Mgeni alikuwa njiani. Gari la mwisho la kumfikisha baba Kakuma kabla ya giza lilikuwa la alasiri, na asipolipata angekutwa barabarani na kibali kilichokufa. Watu wetu wamewahi kulala seli kwa kosa hilo, na wengine wamenyimwa vibali vingine moja kwa moja. Kila nilipomtazama baba alikuwa ameshika programu mikononi, ile karatasi moja iliyogawiwa, akisoma mahali jina langu lilipo.

Saa saba nikamwendea mlezi wa wanafunzi. Alikuwa kwenye kivuli cha hema la jikoni, anakunywa soda.

"Naomba nisome sasa hivi," nikamwambia. "Dakika kumi tu. Mzazi wangu lazima arudi kambini leo, na watu wote wamekaa bure."

"Sasa ufungue wewe?" akasema.

"Sifungui. Nasoma tu."

"Programu haijafunguliwa. Hata maombi bado. Utasoma kwa nini na hakuna kitu imeanza?"

"Watu wapo," nikasema. "Wamekaa pale. Hawafanyi chochote."

Alinitazama kwa upole, na upole huo ndio ulionikasirisha kuliko yote, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyeona tatizo. "Mgeni ako tu hapa karibu," akasema. "Vuta subira. Utasoma na mgeni akiwa, hata ni heshima kwako."

Nikamtafuta mhadhiri wangu wa Lorugum. Naye alikwenda kuzungumza nao, nikamwona kwa mbali anatupa mikono, kisha akarudi. "Hawa watu," akasema tu, akakaa chini. Nilitaka kunyakua ile maikrofoni. Nasema kweli, nilitaka kuinyakua na kusoma kwa nguvu hadi jenereta lizimwe. Sikufanya. Mkimbizi anajifunza mapema kutoleta fujo kwenye nyumba ya watu, na baba ndiye aliyenifundisha.

Baba alisimama mwenyewe. Hakunilazimisha nimwambie. Nikamsindikiza hadi kituoni, na njia nzima aliniuliza habari za masomo kana kwamba tumekutana tu barabarani. Alipanda, akafungua dirisha.

"Utasema?" akauliza.

"Akifika tu, Baba. Nitasema."

"Sema na sauti. Usisome mbio-mbio."

Gari likaondoka. Nilisimama pale nikiwa nimevaa kitenge cha ngoma, machozi yananitoka, na kijana mmoja wa pikipiki akaniuliza kama naenda chuoni.

Mgeni aliwasili wakati gari la baba halijamaliza hata nusu ya njia. Tukaimba wimbo wa taifa, tukaomba, yeye akafungua. Kisha zikaja ngoma, maana mgeni aliyechoka na safari haanzishwi na karatasi. Waturkana waliruka na mgeni akaruka nao. Ngoma ya Sudan Kusini ikafuata, iliyochezwa na Wakenya watupu. Kisha mfawidhi akaita Kongo. Nikacheza. Sijui nilichezaje, ila watu walicheka na kushangilia, na mgeni alisimama kutoka kwenye kiti chake cha kitambaa, akaja akacheza karibu nami, wakatupiga picha. Picha ile ilikaa kwenye ubao wa matangazo muhula mzima. Ningeweza kuibandua lakini nilikuwa naipita tu, natazama chini.

Baada ya hapo mgeni alihutubia. Alisema juu ya elimu kwa muda mrefu sana. Alisema Turkana ya leo si ya jana, akasema vijana ni sisi, akasema sisi sote ni kitu kimoja hata wale waliotoka mbali. Alipoketi jua lilikuwa chini, na msafara wake ulikuwa umeshaanza kuwasha magari. Mfawidhi akatazama karatasi yake, akamtazama mkuu wa chuo, akainama kuongea naye, akarudi kwenye maikrofoni.

"Kwa sababu ya muda," akasema, "tafiti za wanafunzi wetu tutaomba zichukuliwe kama zimesomwa. Tuwapigie makofi."

Watu wakapiga makofi. Yalikuwa makofi mazuri, marefu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya hema na karatasi zangu mkononi, nikasikia nikipongezwa kwa jambo ambalo sikulifanya, na sikuweza hata kuketi. Rafiki yangu wa chumbani alinishika mkono akasema twende zetu. Nilimtumia baba ujumbe mfupi kwamba imeisha. Alijibu kwamba amefika salama.

Nilirudi Kakuma likizo ilipofika. Siku ya kwanza tu, nikiwa kwenye foleni ya maji, mama mmoja Mrundi jirani yetu aliuacha mtungi wake akaja akanikumbatia.

"Tulisikia," akasema. "Ulisema mpaka wale wakubwa wakasimama."

Nikadhani amenifananisha. Lakini jioni yake shemasi alinipa mkono kanisani, mikono miwili, akasema baba aliwasimulia yote: jinsi nilivyosoma kwa utaratibu, jinsi nilivyoeleza watoto wanavyosoma juu chini, jinsi mgeni wa heshima alivyotikisa kichwa na kuomba mwalimu huyo asimame, na baba akasimama. Vijana wa darasani kwake walikuwa wameomba hadithi hiyo mara kadhaa, na kila aliposimulia alitia chumvi kidogo. Ilipofika masikioni mwangu, hata mkuu wa chuo alikuwa amelia.

 Nilingoja tukawa nyumbani, anapika sombe, yale majani yetu ya muhogo, mvuke umemjaa usoni.

"Baba, uliondoka mgeni hajafika," nikasema.

Aliendelea kukoroga. "Niliondoka, ndiyo."

"Na mimi sikusoma. Walisema zichukuliwe kama zimesomwa."

Hapo mwiko ulisimama. Nadhani hilo hakulijua. Nadhani njiani kote, na wiki zote zile, alijua tu kwamba yeye hakusikia, lakini aliamini kuwa nilisema. Alikaa kwenye kigoda chake.

"Bantu balinisindikiza mpaka barabara," akasema polepole. "Shemasi alinipatia koti yake. Miaka hii yote mutu moja tu ametoka hapa kwenda kusikia mutoto wake. Nikarudi. Bananiuliza, Mwalimu, ilikuwa namna gani? Niseme nini? Ati nilienda kutazama viti?"

 Nilitaka kumkasirikia lakini hasira yangu yote ilikuwa imeshaishia kwa watu wengine. Nikapakua sombe, tukala.

Mwaka uliofuata ulikuwa mbaya. Mgao ulikatwa, ukakatwa tena, na fedha za shule za kambini zikapungua, na walimu wasaidizi wengi wakaambiwa wapumzike hadi watakapoitwa. Baba alikuwa mmoja wao. Darasa lake liliunganishwa na jingine, na sijui kama huko kuna anayewazungusha watoto. Alianza kukaa nje ya nyumba mchana kutwa, mtu ambaye sikuwahi kumwona amekaa. Lakini watu bado walimwita Mwalimu, na jioni bado walikuja kuketi naye, na mtu mgeni akifika shemasi humwambia, huyu ndiye aliyekwenda Lodwar, binti yake akamsimamisha mbele ya wakubwa. Hicho ndicho kilichombakia. Naona aibu kusema kwamba kilikuwa kikubwa, lakini kilikuwa.

Katika mwaka huo huo, chuo chetu kikafanya jambo ambalo sikulitarajia. Mhadhiri wa Lorugum alipigana nao hadi taaluma ikatenganishwa na ngoma. Likabandikwa tangazo la Asubuhi ya Tafiti, ukumbini, bila mgeni wa heshima, kuanza saa tatu kamili. Jina langu lilikuwa la kwanza. Na kwa mara ya kwanza katika maisha ya ubao ule, siku haikusogezwa.

Niliona hili si la kumwambia kwa simu. Nilisafiri Kakuma mwisho wa wiki, nikamkuta nje ya nyumba. Nikamweleza kila kitu. Nilikuwa nimeshapanga: aombe kibali cha siku nyingi kidogo, alale kwa yule muumini, na safari hii hakuna wa kumngoja. Nilizungumza haraka, kwa furaha, kama mtoto.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akatazama barabarani, ambako shemasi alikuwa anapita na baiskeli yake, wakapungiana mikono.

"Nitaenda ofisini niseme nini?" akaniuliza kwa sauti ya chini. "Nataka kibali juu ya kusikia mutoto wangu? Batasema, Mwalimu, si ulishaka kumusikia?"

"Waambie ni utafiti mwingine."

"Ni ile ile. Bote banaijua. Nimebaambia yote, hata maneno." Alijaribu kutabasamu. "Niende tena, basi ile ya kwanza ilikuwa nini?"

"Baba, hii ndiyo ya kweli."

"Ninajua," akasema. "Lakini mimi nilishaka kukusikia."

Nilimbembeleza. Nililia mbele yake, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu msiba wa mama. Alinishika kichwa, akaniambia nisome polepole, nisiogope, ila neno lake hakulirudisha nyuma. Nilielewa, na ndiyo sababu iliniuma. Nisingeweza kumwomba aje kunisikia bila kumwomba kwanza asimame mbele ya wale watu na kuvua kitu cha mwisho alichokuwa amevaa.

Nikasoma. Saa tatu ilikuwa saa tatu. Watu hawakuwa wengi, wahadhiri kadhaa na wanafunzi waliotumwa, madirisha wazi, vumbi linaingia. Nilikuwa nimetayarisha ukurasa wa kitabu cha watoto, nikawagawia wote ukiwa juu chini, nikawaomba wasome kwa sauti. Walikwama, wakacheka, wakajaribu kugeuza shingo. Nikawaambia kuna watoto wanaosoma hivyo bila kukwama, na kuna mwalimu aliyeliona hilo. Nikamtaja. Nikasema yuko Kakuma, hana darasa sasa. Walipiga makofi, mhadhiri wangu akasimama, na mmoja akauliza kama mwalimu huyo yumo ukumbini. Nikasema hayumo.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilidhani nitajisikia nimeshinda. Nilijisikia mtupu kabisa, kama nyumba iliyohamwa, na sina neno zuri zaidi la kuieleza hali ile. Yote niliyoyataka yalifanyika, na mtu niliyemtakia hakuwepo, na asingeweza kuwepo tena kamwe, hata nikisoma mara mia.

Mchana akanipigia simu. Nilipokea nikiwa nimejiandaa, nikajiambia nitamweleza taratibu kila kitu: kurasa, shingo, makofi, yule aliyeuliza kama yumo ukumbini.

"Ulishaka kula?" akasema.

"Bado, Baba."

"Kule iko jua?"

"Jua kali."

"Huku pia."

Nikangoja aulize. Alijua ni siku gani, nina hakika alijua, ndiyo maana alipiga. Nilimsikia anapumua. Nikasikia pia sauti ya mtu karibu naye, mwanamume, sauti nisiyoijua, pengine mgeni aliyehamia upande wetu, akimuuliza anaongea na nani.

"Ni mutoto wangu," baba akamjibu, na sauti yake ikapanda kidogo, ikawa ile ya darasani. "Ule aliongeaka kule Lodwar, mwaka ule. Kaa, nitakuambia." Kisha akanirudia mimi, akaniambia nitafute chakula nile, akakata simu.